Askofu Emmanuel Kataliko na haki ya familia maskini: maisha ya mtu aliyekataa kungoja Leta

Wazee wa Butembo na Beni wakianza kuongea juu ya miaka ya zamani, hawamalizi bila kutaja jina la Askofu Emmanuel Kataliko. Aliongoza diyosezi ya Butembo-Beni zaidi ya miaka 30, kuanzia 1966 hadi 1997. Kisha akatumwa Bukavu kama askofu mkuu, na akafia Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Vijana waliozaliwa nyuma ya hapo wanalijua jina, lakini wengi wanajua jambo moja tu: kwamba wakubwa wa vita walimfukuza Bukavu na kumrudisha Butembo kama mufungwa asiye na gereza.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao unagusa nyumba nyingi za Kivu ya Kaskazini hata leo. Familia isiyo na mshahara ikipata mgonjwa, ikiwa na mtoto wa kusomesha ao mzee wa kulisha, inaweza kudai nini, na imudai nani? Miaka yote ya uaskofu wake, Kataliko aliishi na hilo swali mbele yake. Jibu alilotoa lilijenga mambo mengi. Lakini pia liliacha mambo mengine bila kumalizika, na hayo njo tunaishi nayo.

Mtoto wa Lukole

Emmanuel Kataliko alizaliwa mwaka wa 1932 huko Lukole, katika inchi ya Wanande, kwenye milima ya juu. Ile wakati Kongo ilikuwa mikononi mwa Wabeljiji. Mapadri wa shirika la Assomption walikuwa wamefika eneo hili mwaka wa 1929, na misioni zao zilikuwa zinaanza kusimama moja kwa moja, kila mahali na kanisa lake, shule yake na nyumba yake ya kutunza wagonjwa.

Maisha ya milima ile yanajulikana. Udongo unazaa vizuri, baridi inaruhusu viazi, ngano, mboga na maharagi. Lakini watu ni wengi na mashamba ni madogo. Baba akigawia watoto wake shamba, kila mumoja anabaki na kipande ambacho hakitoshi kulisha nyumba yake. Mtoto aliyekulia huko hakuhitaji kusoma kitabu ili ajue umaskini wa mkulima ni kitu gani: mkulima anaweza kuvuna, chakula kikawepo, lakini franga ya kununua dawa ikakosekana.

Kataliko alipita katika seminari, akapewa upadri mwaka wa 1958, na masomo yake ya juu yakamufikisha hadi Roma. Kwa Mkongo wa ile miaka, hiyo ilikuwa njia ya watu wachache sana. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, inchi nzima ilikuwa na watu wachache tu waliomaliza chuo kikuu, na sehemu kubwa ya wale waliosoma sana walikuwa mapadri.

Askofu wa miaka 33

Mwaka wa 1966, Papa Paulo wa Sita alimuita Kataliko achukue nafasi ya Askofu Henri Piérard, mumisionere wa Assomption aliyeanzisha diyosezi. Kataliko alikuwa na miaka 33. Alikuwa Mkongo wa kwanza kuongoza hiyo diyosezi. Mwaka uliofuata, 1967, diyosezi ya Beni ilibadilishwa jina na kuitwa Butembo-Beni, na makao yake yakawa Butembo.

Hali aliyoikuta haikuwa nyepesi. Miaka miwili tu mbele, mwaka wa 1964, uasi wa Simba ulikuwa umefika hadi Butembo na Beni. Watu waliuawa, biashara ikaharibika, mashule yakafungwa. Mobutu alikuwa amechukua utawala Novemba 1965. Raia walikuwa wanangoja kuona kama Leta mpya italeta utulivu.

Kwa miaka ya kwanza, Leta ilionekana. Walimu walilipwa, mabarabara yaliyotengenezwa wakati wa Wabeljiji yalikuwa bado yanapitika, kawa ya Beni na Lubero ilinunuliwa kwa bei ya kufaa. Wakulima walisomesha watoto kwa franga ya kawa. Lakini hata katika hiyo miaka mizuri, kulikuwa na mstari uliotenga familia na familia, na mstari huo uliwekwa na sheria.

Sheria iliyosahau mkulima

Ili kuelewa kazi ya Kataliko, ni lazima kuelewa kwanza nini familia maskini ingeweza kudai kwa Leta. Mwaka mmoja kisha uhuru, tarehe 29 Juni 1961, Kongo ilitoa sheria ya kuunda shirika la kitaifa la akiba ya wafanyakazi, lile lililojulikana kama INSS. Kazi yake ilikuwa kukusanya michango ya waajiri na ya wafanyakazi, halafu kulipa pensheni kwa wazee, kulipa aliyeumia kazini, na kusaidia wajane na mayatima wa mfanyakazi aliyekufa.

Kwa karatasi, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mlango wake ulikuwa mwembamba. Aliyeingia ni yule mwenye kontra, yaani mtu aliyeandikwa na mwajiri, mwenye karatasi ya mshahara na namba. Posho ya watoto nayo haikuwa sawa kwa inchi nzima. INSS yenyewe ilisimamia posho ya familia huko Katanga, kwenye makampuni ya migodi. Katika majimbo mengine mzigo uliachwa kwa mwajiri mwenyewe, na mwajiri asiyetaka kulipa alijua kwamba mfanyakazi wake hana nguvu ya kumushitaki.

Sasa tuangalie Butembo, Beni na vijiji vyao. Hapa hapakuwa na migodi mikubwa yenye wafanyakazi maelfu. Watu waliishi kwa shamba, kwa kubeba mizigo, kwa kuuza sokoni, kwa kusukuma chukudu. Mama anayetoka Kyondo na kikapu cha viazi mgongoni hana mwajiri. Hana karatasi ya mshahara. Kwa hiyo sheria ya 1961 haikumuona. Angefanya kazi miaka 40, akazaa watoto wanane, akazeeka, na siku ya mwisho hakuna ofisi ambayo angeweza kugonga mlango wake na kusema kwamba anadai chake.

Hao njo walikuwa wakristo wa Kataliko, karibu wote.

Kazi ya diyosezi

Njia ambayo askofu alichukua ilikuwa ya kujenga huduma pale ambapo watu wako. Misioni za Wamisionere zilikuwa na msingi tayari. Yeye aliupanua. Katika miaka yake, mtandao wa mashule ya kikatoliki, vituo vya afya na mahospitali ya diyosezi uliendelea kukua kutoka milima ya Lubero hadi bonde la Semuliki. Hospitali ya Matanda ndani ya Butembo, ile ya Musienene na ile ya Kyondo ni majina ambayo kila mkaaji wa huku anayajua, kwa sababu karibu kila familia ina mtu aliyezaliwa ao kutunzwa huko.

Mambo hayo yalitaka kupigana na utawala pia. Mwishoni mwa 1974, Mobutu alichukua mashule ya makanisa na kuyafanya mali ya Leta. Haikupita muda mrefu, ikaonekana kwamba Leta haiwezi kuyasimamia. Mwaka wa 1977, Leta na makanisa yakaweka sahihi kwenye mapatano: mashule ni ya Leta, walimu wanalipwa na Leta, lakini usimamizi wa kila siku unarudi kwa makanisa. Njo maana hadi leo tunaongea juu ya shule za konvansyone. Kwa askofu wa Butembo-Beni, mapatano hayo yalimaanisha mamia ya mashule kurudi mikononi mwake, pamoja na walimu ambao mshahara wao ulikuwa unategemea Kinshasa.

Kitu kingine kilikuwa barabara. Mtu wa mjini anaweza kufikiri barabara si jambo la kusaidia maskini. Mkulima anajua. Barabara ikikatika, bei ya kabichi na viazi inaanguka shambani, na bei ya chumvi na sabuni inapanda. Mama mjamzito anayepaswa kufikishwa hospitali anabebwa kwenye tipoyi siku nzima. Katika miaka ya 1980, Leta ilipoacha kutengeneza mabarabara, diyosezi na wafanyabiashara wa Butembo walishika kazi hiyo kwa pamoja. Wenye gari walitoa mafuta na franga, wakaaji walitoa mikono, na Kanisa lilisimamia ili kila mtu aone franga imeenda wapi.

Hapo ndipo nguvu ya Kataliko ilionekana. Wafanyabiashara wa Kinande walikuwa wamepata mali katika biashara ya mboga, kawa, dhahabu na bidhaa kutoka Afrika ya Mashariki, na baadaye kutoka Dubai na Asia. Hawakuamini Leta, maana mwaka wa 1973 waliona jinsi mali za wageni zilivyogawiwa kwa marafiki wa utawala. Lakini waliamini askofu. Akiwaomba kuchangia, walichangia. Alikuwa kama mdhamini kati ya wenye mali na wasio nacho.

Chuo kikuu juu ya mlima

Kufika mwisho wa miaka ya 1980, kijana wa Beni ao Butembo aliyemaliza sekondari na mwenye akili ya kuendelea alipaswa kwenda Kisangani, Lubumbashi ao Kinshasa. Barabara ya Kisangani ilikuwa imeharibika kabisa. Ndege ilikuwa ya wenye mali. Kwa hiyo mtoto wa maskini alisimama pale pale, hata kama alikuwa wa kwanza darasani.

Mwaka wa 1989, Askofu Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, UCG, hapa Butembo. Wengi ile wakati waliona ni ndoto. Inchi ilikuwa inaanguka na yeye alikuwa anaanzisha chuo kikuu katika mji ambao haukuwa hata na umeme wa Leta. Michango ilitoka kwa wakristo, kwa wafanyabiashara na kwa marafiki wa inje. Leo kwenye kampasi ya Horizon wanasoma wanafunzi wa udaktari, sheria, kilimo, udaktari wa mifugo na mengine. Wanganga wengi wanaotunza watu katika mahospitali yetu wametoka hapo, na chuo kina kliniki zake.

Hata vile, ni lazima kusema ukweli wote. Chuo kikuu kinachosimama kwa minerval ya wanafunzi ni chuo ambacho maskini kabisa hawaingii. Kataliko alileta chuo karibu na mtoto wa mkulima, akamuondolea safari na nyumba ya kupanga mbali. Lakini minerval ilibaki, na kwa baba mwenye shamba dogo, minerval ya mtoto mmoja inaweza kula mavuno ya mwaka mzima.

Wazazi wanalipa walimu

Miaka ya 1990 ilileta shida ambayo haikuwa imeonekana mbele. Septemba 1991 na Januari 1993, askari wasiolipwa walipora miji ya inchi. Bei za vitu zilipanda kila wiki, na Oktoba 1993 Mobutu akaleta zaire mpya, ambayo nayo ilipoteza thamani mara moja. Mshahara wa mwalimu haukuweza kununua hata gunia la muhogo. Miezi mingine haukufika kabisa. Walimu waligoma.

Maaskofu wa Zaire, pamoja na wazazi, wakakubaliana jambo moja la haraka: wazazi watachangia ili mwalimu asiache darasa. Hiyo njo primu, ile franga ambayo kila mzazi wa Kongo aliilipa miaka na miaka. Katika diyosezi ya Butembo-Beni, kama kwingine, ilifanya mashule yasifungwe. Watoto waliendelea kusoma wakati mikoa mingine ilikuwa inapoteza kizazi kizima.

Ilipaswa kuwa ya muda kidogo tu. Lakini Leta iliona kwamba wazazi wanalipa, ikatulia. Msaada wa dharura ukageuka sheria isiyoandikwa. Mtoto ambaye mama yake ni mjane alifukuzwa shuleni kila mwisho wa mwezi, akarudi, akafukuzwa tena. Mabinti njo walitolewa kwanza, maana familia yenye franga kidogo ilichagua mvulana. Hapo tunaona mpaka wa njia ya Kataliko na ya Kanisa lote la Kongo. Kuchangia pamoja kunajenga kitu pale ambapo Leta haiko. Lakini mchango unamuomba kila mtu sawasawa, na maskini wa mwisho hana cha kutoa.

Ilipaswa kungoja hadi Septemba 2019, karibu miaka 19 kisha kifo cha Kataliko, ili Leta itangaze kwamba shule ya msingi ni bure kama katiba ya 2006 ilivyosema.

Vikundi vya wakulima

Wakati huohuo, kitu kingine kilikuwa kinazaliwa kutoka chini. Wakulima wa Beni na Lubero walianza kujiunga. Kopa ya COOCENKI ilikusanya mavuno yao ili wasiuze kila mmoja peke yake kwa bei ya kuonewa. SYDIP, shirika la kutetea haki za wakulima lenye makao Butembo, lilianza kufuata kesi za mashamba na kodi zisizo halali. Katika makartiye na vijiji, vikundi vya MUSO vilienea, na leo viko kila mahali.

MUSO inastahili kuelezwa, maana ni jibu la watu wenyewe kwa sheria iliyowasahau. Wanachama wanakutana, kila mmoja anaweka mchango wake. Franga ya sanduku la kijani inakopeshwa kwa biashara ndogo. Franga ya sanduku jekundu haikopeshwi: inangoja ugonjwa, kifo ao kuzaa. Mwanachama akipatwa, hapigi magoti kwa mtu yeyote. Anadai kilicho chake, kwa sababu alichangia na jina lake liko kwenye daftari.

Kataliko hakuunda hivi vyote. Lakini vilikua katika udongo ambao miaka 30 ya kazi yake ilikuwa imeulima: mazoea ya kuweka franga pamoja, kuandika, kutoa hesabu mbele ya watu, na kuamini kwamba mtu wa kijiji anaweza kujipangia.

Bukavu, na vita

Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa katika njia za Bukavu wakati vita vya AFDL vilipoingia. Kiti chake kilibaki bila mtu. Mwaka wa 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimutuma Kataliko kwenda kukikalia. Alikuwa na miaka 64. Aliacha mji aliouona ukikua kutoka kituo kidogo cha biashara hadi mji mkubwa, na akaenda mahali ambapo mtu aliyemtangulia alilala barabarani na damu yake. Butembo-Beni, Askofu Melchisédech Sikuli Paluku alichukua nafasi mwaka wa 1998.

Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Bukavu ikawa chini ya RCD-Goma iliyosaidiwa na Rwanda. Butembo na Beni nazo zikawa chini ya tawi lingine la RCD lililosaidiwa na Uganda. Kivu ya Kusini iliona mauaji ya Kasika Agosti 1998 na ya Makobola mwishoni mwa mwaka huo. Kodi ziliongezeka: kodi ya soko, kodi ya njia, kodi ya mzigo. Mwalimu na muganga hawakuona hata franga moja ya hizo kodi. Familia iliyokuwa maskini wakati wa Mobutu sasa ilikuwa inalipia bunduki zilizoinyang'anya.

Usiku wa Noeli wa 1999, ujumbe wa Kataliko ulisomwa kwa waamini wa Bukavu. Alieleza wazi jinsi wageni wenye nguvu, pamoja na Wakongo wanaowasaidia, wanavyopora mali ya inchi wakati raia wanakosa chakula na dawa. Hakuwaachilia Wakongo wenyewe, wala watu wa Kanisa waliokuwa wanatafuta faida yao. Aliita watu kusimama bila silaha. Mwishoni mwa Januari 2000, Bukavu iligeuka mji mfu: maduka yalifungwa, watu wakabaki nyumbani.

Wakubwa wa RCD-Goma walimshitaki kwamba anachochea chuki. Tarehe 12 Februari 2000 walimzuia kurudi Bukavu, wakamupeleka Butembo. Walidhani wanamtenga. Kumbe walimrudisha nyumbani, kati ya watu waliomjua tangu 1966. Bukavu waamini walikataa kunyamaza, na sauti za kumdai zilitoka hadi Roma na miji mikubwa ya dunia. Miezi saba ikapita. Tarehe 14 Septemba 2000 aliruhusiwa kurudi, na Bukavu ilimpokea kwa umati mkubwa.

Furaha hiyo ilidumu siku 20. Kataliko alisafiri kwenda Roma kwa mkutano, na tarehe 4 Oktoba 2000 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 67. Mwili wake ulirudishwa na kuzikwa Bukavu, mji uliomngoja miezi saba na kumpata kwa siku chache tu.

Kile kilichobaki cha kudai

Nyuma ya kifo chake, sheria ilibadilika. Tarehe 15 Julai 2016 Kongo ilitoa sheria mpya namba 16/009 juu ya akiba ya wafanyakazi, na mwaka wa 2018 INSS ya zamani ikageuka CNSS. Kwa sheria hiyo, malipo ya familia si ya Katanga tena tu, ni ya inchi nzima. Kila mwezi mchango ni 18 kwa mia ya mshahara: mfanyakazi anatoa 5, mwajiri anatoa 13. Ndani ya hizo 13 za mwajiri, 6.5 ni za tawi la familia, yaani posho ya watoto na malipo ya mama mjamzito na aliyejifungua.

Kwa hiyo mtu anayefanya kazi katika duka, shule ya kipekee, hoteli, hospitali ao shirika lolote la Butembo, Beni ao Oicha ana haki ya kuuliza mwajiri wake maswali matatu. Je, ameandikwa kwa CNSS? Namba yake ni ngapi? Michango inayokatwa kwa mshahara wake inafika? Ni wajibu wa mwajiri kumuandikisha, si zawadi. Asiyeuliza anaweza kukatwa miaka 20 na kufika uzeeni bila jina lake kwenye daftari lolote.

Kuna karatasi nyingine ambayo wazazi wengi wanaidharau: cheti cha kuzaliwa. Siku ile ile ya 15 Julai 2016, sheria nyingine ilirekebisha kanuni ya familia na kuwapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwa ofisi ya raia. Mtoto asiye na cheti hahesabiwi kirahisi. Baba yake akifa, inakuwa vigumu kuonyesha kwamba ni yatima wake. Katika eneo hili ambapo tangu Oktoba 2014 mauaji yamefukuza familia kutoka Mbau, Eringeti, Oicha na vijiji vingi, kupoteza karatasi ni jambo la kila siku. Aliyepoteza inafaa aanze mapema kutafuta nyingine, mbele ya shida kumlazimisha.

Lakini mstari wa 1961 uko bado. Sheria mpya nayo inamuona kwanza mwenye kontra. Mama wa Kyondo na kikapu chake, mwenye chukudu, mchimba mchanga, mukimbizi anayelima shamba la mwingine kwa siku moja moja, hao wote wako inje. Kwao kumebaki MUSO, sanduku la afya la ujirani, na sheria ya Februari 2017 juu ya vikundi vya kusaidiana, ambayo angalau inawapa njia ya kutambuliwa.

Emmanuel Kataliko alikufa bila kuona hata moja ya hizo sheria. Alichoonyesha katika maisha yake ni kwamba watu wasiohesabiwa na Leta wanaweza kujenga shule, hospitali, barabara na chuo kikuu. Mwishoni mwa maisha yake alionyesha pia kwamba hiyo haitoshi, kwamba kuna saa ambapo lazima mtu asimame mbele ya anayechukua kodi na kumuuliza imeenda wapi. Aliuliza, na akalipa bei. Katika soko la Butembo na kwenye mistari ya mashamba ya Lubero, mama anayelipa kodi kila siku na asiyerudishiwa kitu bado anangoja jibu la swali hilo.